Camille Claudel aliandika miaka 30, jibu halikuja

Tarehe 2 Februari 1927 mwanamke wa miaka 62 alikaa kwenye chumba cha ghorofani, huko kusini mwa Ufaransa, akamwandikia mama yake barua. Anaanza kwa kueleza kwa nini amechelewa kuandika, kwamba baridi ilikuwa kali mpaka akawa hawezi hata kusimama. Chini kwenye ukumbi wanakokaa wenzake wote kuna kamoto kadogo lakini kelele zake hazivumiliki, hawezi kuandikia pale, kwa hiyo inabidi apande chumbani kwake, na huko juu ni barafu tupu, vidole vinauma, vinatetemeka, kalamu haishikiki. Alaf katikati ya hayo anasema, kama vile anaendelea tu kuelezea hali ya hewa, kwamba rafiki yake mmoja, mwalimu wa Lycée Fénelon aliyeishia humohumo, kakutwa amekufa kwa baridi kitandani kwake.

Hivyo vidole vilivyoshindwa kushika kalamu ndo vidole vilivyochonga ile sanamu ya La Valse. Mwenye barua anaitwa Camille Claudel, mchonga sanamu, mmoja wa wakubwa kabisa Ufaransa iliyowahi kuwatoa, na mahali alipokuwa ni hospitali ya wagonjwa wa akili ya Montdevergues, pale Montfavet karibu na Avignon. Siku anaandika hiyo barua alikuwa na karibu miaka 14 tangu afungiwe. Alikuwa bado ana 16 mbele yake, hakutoka, alifia humo.

Stori ya Camille wengi wanaijua kwa upande wa mapenzi. Msichana wa miaka kama 18 anakutana na mchonga sanamu maarufu Auguste Rodin aliyemzidi miaka 24, anakuwa mwanafunzi wake, msaidizi wake, mpenzi wake, halafu anapigwa chini na akili inamruka. Ukiisimulia hivyo inakuwa tamthilia nzuri, watu wanalia, wanaondoka. Mi hiyo stori imenichosha, na kwa maoni yangu inafanya kazi moja mbaya sana, inatufanya tuone kwamba kilichommaliza Camille ni Rodin. Rodin alimuumiza, hilo halina ubishi. Lakini Rodin alikufa Novemba 1917 na Camille akakaa ndani miaka mingine 26. Nani alikuwa anamweka ndani miaka yote hiyo? Jibu limo kwenye barua, na kwenye kilichofanyika kwa hizo barua.

Tuanze na siku yenyewe. Baba yake, Louis-Prosper, alifariki tarehe 2 Machi 1913. Huyu ndo alikuwa mtu pekee kwenye familia aliyekuwa akimtumia hela na kumtetea. Camille hakuambiwa. Hakuitwa msibani. Alikuja kujua kwa binamu yake, na ipo barua anamjibu huyo binamu, anamwambia ndo kwanza unanipa habari, lini imetokea? Siku nane baada ya kifo cha baba, tarehe 10 Machi, watu wa hospitali wakaja kwenye nyumba yake ya namba 19 Quai Bourbon, Paris, wakamtoa, wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ville-Évrard. Mwaka uliofuata vita vikaanza, Wajerumani wakawa wanasogea, wagonjwa wakahamishiwa kusini, na hivyo ndivyo alivyofika Montdevergues.

Kisheria kila kitu kilikuwa sawasawa na hapa ndo panaponikera. Ufaransa ilikuwa na sheria ya tarehe 30 Juni 1838 kuhusu wagonjwa wa akili, sheria iliyodumu mpaka 1990, na ndani yake kuna kitu kiliitwa kulazwa kwa hiari. Ukisikia hiari unadhani ni hiari ya mgonjwa. Hapana. Ilikuwa hiari ya aliyemleta. Ndugu anaandika ombi, daktari mmoja anatoa cheti, basi, mtu anaingizwa. Ombi la Camille lilisainiwa na mama yake. Cheti kiliandikwa na daktari Michaux, aliyekuwa jirani na daktari wake. Ndani ya siku chache makaratasi yamekamilika na baba ambaye pengine angesema hapana yuko kaburini.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Camille alikuwa anaumwa kweli. Wapo wanaoandika siku hizi kana kwamba alikuwa mzima kabisa na alionewa tu kwa sababu ni mwanamke na msanii, mi siafiki. Miaka ile ya mwisho Paris alijifungia ndani na madirisha yake kafunga, anaishi na paka, nyumba uchafu mtupu, na ilipofika kiangazi alikuwa akichukua nyundo anavunja sanamu zake mwenyewe, kazi ya mwaka mzima inageuka vipande vya plasta sakafuni. Aliamini Rodin na genge lake wanamwinda, wanataka kuiba kazi zake, wanataka kumuwekea sumu. Hospitalini alikataa kula chakula cha jikoni kwa miaka, alikula mayai aliyochemsha na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, vitu ambavyo mtu hawezi kukutilia kitu ndani bila wewe kuona. Hata Rodin alipokufa haikuisha, barua za miaka ya baadaye bado zinamtaja, kwamba ni yeye, kwamba alipanga yote haya ili akishakufa asije Camille akampita. Mtu huyo anahitaji msaada, huwezi kumwacha vilevile nyumbani peke yake na nyundo.

Na hata hiyo hofu yake haikuota hewani. Alikaa miaka kwenye karakana ya Rodin na inaaminika mikono na miguu ya baadhi ya sanamu za Rodin ameifinyanga yeye. Mwaka 1886, tarehe 12 Oktoba, Rodin alimwandikia ahadi, karatasi kama mkataba, kwamba hatachukua mwanafunzi mwingine zaidi yake na kwamba watasafiri na baada ya hapo atamuoa. Hakumuoa. Alikuja kumuoa Rose Beuret, mwanamke aliyeishi naye muda wote huo, Januari 1917, Rose amebakiza wiki mbili tu za kuishi na Rodin miezi. Halafu kuna sanamu ya L'Âge mûr, yule mwanaume mtu mzima anavutwa na mwanamke kizee na nyuma yake binti kapiga magoti mikono kainyoosha, serikali iliagiza ile kazi 1895, halafu ikaghairi kuitia shaba, na mpaka leo wapo wanaohisi Rodin alikuwa na mkono. Kwa hiyo ukisoma Camille anasema wameniibia wamenizuia, unasoma ugonjwa ndio lakini ugonjwa uliopandwa kwenye udongo wa kweli. Kidonda kilikuwepo kwanza.

Hapa ndo nafika kwenye kile ninachotaka kusema. Ndani ya barua moja ya Camille kuna mambo mawili yanakwenda pamoja. Kuna genge la Rodin, kuna sumu. Na kuna baridi, siagi, kahawa, kelele, hamu ya kurudi Villeneuve, kijiji alichokulia, akae hata kwenye kona. La kwanza ni dalili. La pili ni maombi ya mtu mwenye akili timamu kabisa, maombi ambayo yangeweza kuhakikiwa na mtu yeyote mwenye ngozi, unaingia tu chumbani unasikia baridi. Familia ilichukua la kwanza ikalitumia kuzimia la pili. Yaani kwa sababu amekosea kuhusu sumu basi na baridi nayo amekosea.

Na hii si tabia ya Wafaransa wa 1913 peke yao. Kwetu mtu akiongea kitu kisichoeleweka anaambiwa dishi limeyumba, peleka Milembe huyo, Wakenya watasema Mathare, na likishasemwa hilo kila atakachosema baadaye kinapita kwenye chujio hilohilo. Akisema njaa inauma, ni dishi. Akisema fulani kanipiga, ni dishi.

Nitasema na langu maana si haki kuandika haya kana kwamba mi nimekaa pembeni. Mama yangu mdogo amewahi kulazwa kwenye hospitali ya aina hiyo, sitaitaja, zaidi ya miezi minne. Kulikuwa na nesi mmoja mwenye huruma anamwazima simu, anatutumia voisi. Nyumbani tukaizoea ile namba. Ikiingia mtu anasema "ni yule", simu inawekwa kifudifudi mezani, chai inaendelea. Voisi zenyewe zilikuwa ndefu, dakika nne, tano, mwanzo wote anaelezea jirani yetu mmoja anavyomwekea vitu kwenye maji, na sisi tulikuwa tunaishia hapo, dakika ya kwanza, tunatikisa kichwa tunafunga. Nitarudi kwenye hili.

Mama yake Camille hakwenda kumwona hata mara moja. Kuanzia mwaka ule wa kwanza 1913 familia ilitoa maelekezo kwa hospitali, asipokee wageni, asiandikiane na watu wa nje. Sababu mojawapo ni kwamba magazeti yalishaanza kuandika kuhusu kesi yake kwamba msanii mkubwa kafungiwa na ndugu, kukawa na kelele dhidi ya ile sheria ya 1838, na familia ikaona aibu inatoka nje ya nyumba. Kwa hiyo mlango wa barua ukafungwa. Aliandika kwa marafiki, kwa ndugu, zikawa zinaishia kwenye faili lake la hospitali. Mtu anakaa anatafuta karatasi, anaandika mpaka vidole vinaganda, anafunga, anamkabidhi mhudumu, mhudumu anampelekea mkubwa wake, na mkubwa anaiweka kwenye faili pamoja na vipimo na ripoti. Yeye huku anasubiri posta. Wiki, mwezi, mwaka. Anaanza kudhani rafiki zake wamemtupa, na wao huko nje pengine wanadhani amezama kabisa hawezi hata kuandika.

Nilipojua hilo niliangalia ile sheria inasemaje kuhusu barua, na nikakuta kitu kilichonikalia kifuani. Kifungu cha 29 kinakataza kabisa wakuu wa hospitali kuzuia ombi au lalamiko linalokwenda mahakamani au serikalini. Maana yake waliotunga walijua kabisa kwamba barua za watu hawa zitazuiwa, wakailinda barua ya kwenda kwa hakimu. Barua ya kwenda kwa mama hawakuilinda. Ya kwenda kwa rafiki hawakuilinda. Walifikiria mgonjwa ana haki ya kulalamika, hawakufikiria kwamba anaweza tu kuwa anataka kuongea na mtu.

Tena zikawa na uzito gani hata zile zilizofika? Maana ukweli lazima usemwe wote, zipo zilizofika. Ile ya baridi ilikwenda kwa mama. Kwa kaka yake Paul zilikuwa zinakwenda. Na mama alikuwa anatuma vifurushi, kahawa, siagi, sukari, familia ilikuwa inalipia hospitali kila mwaka, Paul alikwenda kumtembelea mara chache kwa miaka 30. Kwa hiyo hawakumsahau, na hilo kwangu ndo linaifanya stori hii iwe ngumu zaidi, maana ukimsahau mtu unaweza kusema nilisahau. Hawa walikuwa wanajibu kila kitu isipokuwa kile alichouliza. Ameuliza lini nitarudi nyumbani, wametuma siagi.

Mwaka 1920 daktari wa Montdevergues, Brunet, alimwandikia mama yake Camille kwamba mgonjwa ametulia, hofu zake zimepungua, anapendekeza ajaribiwe kutoka arudi kwa familia. Huyu si Camille anayejitetea, si mwandishi wa gazeti, ni daktari wa hospitali yenyewe. Mama akakataa. Hata hilo la kumhamishia hospitali ya karibu na Paris, ili angalau aonwe na watu, alilikataa. Barua zake kwa hospitali zipo, anasema hataki kumwona tena, amewaumiza sana. Ukizisoma husikii mtu anayemwogopa mgonjwa. Unasikia mtu mwenye hasira ya zamani, hasira na binti aliyeishi na mwanaume wa mtu bila ndoa, aliyeiaibisha nyumba. Camille alikuwa anatumikia adhabu ya kosa ambalo kwenye cheti cha daktari halikuandikwa.

Mama yake alikufa Juni 1929. Mimi nikisoma hapa kila mara huwa nasimama, maana kama tatizo lilikuwa mama basi sasa mlango umefunguka, aliyesaini hayupo. Aliyebaki na kauli ni Paul. Na Paul Claudel hakuwa mtu mdogo, mshairi mkubwa, Mkatoliki wa kusali kila siku, balozi wa Ufaransa Japani, kisha Marekani, kisha Ubelgiji. Mwaka 1927, mwaka uleule Camille anaandika kwamba mwenzake kafa kwa baridi kitandani, Paul alinunua kasri la Brangues, kule Isère. Jumba lenye vyumba. Sisemi alikuwa katili, maandishi yake yenyewe yanaonyesha dada yake alimsumbua rohoni mpaka uzeeni. Lakini kusumbuka rohoni hakumpashi mtu joto.

Cha ajabu ni kwamba Paul alishawahi kuwa msomaji mzuri sana wa barua za dada yake. Rudi nyuma mpaka Desemba 1893. Camille ana miaka 29, ameanza kujitenga na Rodin, anamwandikia Paul aliyeko Marekani, na kwenye barua anamchorea michoro ya sanamu anazotaka kuzifanya. Ndani yake kuna kamchoro ka wanawake wamekaa kwenye kona, mmoja anaeleza siri na wengine wanasikiliza. Na anamwambia Paul kwa fahari, unaona hii si ya Rodin hata kidogo. Baadaye akaichonga, ndo ile inayoitwa Les Causeuses, ipo toleo la jiwe la oniksi kwenye jumba la makumbusho la Rodin pale Paris. Ni ndogo sana, unaweza kuibeba kwa mikono miwili. Wanawake wanne uchi wamekaa wamebanana kwenye pembe ya ukuta, mmoja kainua mkono karibu na mdomo kama anazuia sauti isitoke nje, na wale watatu wameinama wote kuelekea kwake, shingo, mabega, migongo, kila msuli unasikiliza. Mi sijawahi kuona popote mtu amechonga kusikiliza namna ile. Kusikilizwa ni kitu alichokijua kwa mikono yake.

Mkono uleule, kaka yuleyule. Barua ya 1893 ilisomwa kama barua ya msanii. Barua za baada ya 1913 zilisomwa kama ushahidi wa ugonjwa. Uandishi wake haukubadilika sana, bado anaona kila kitu kwa macho ya mtu anayechonga, anavyoeleza ule ukumbi, ule moto, yale makelele, unakiona chumba. Kilichobadilika ni anwani ya juu ya karatasi. Na yeye alilijua hilo. Barua mojawapo kwa Paul aliisaini kama dada yako aliye uhamishoni. Mtu aliyepotea akili kabisa hatafuti neno kama hilo, uhamisho, neno la kisiasa, neno la mtu anayejua kabisa kwamba yuko mahali alipo kwa sababu kuna watu wameamua awepo.

Kuna barua nyingine siwezi kuipita, ile aliyomwandikia daktari Michaux akiwa amekaa ndani miaka mitano na ushee. Anaanza kwa adabu, pengine humkumbuki tena mteja na jirani yako wa zamani, mademoiselle Claudel, aliyechukuliwa nyumbani kwake Machi 1913 akapelekwa kwenye nyumba za wagonjwa wa akili ambako huenda hatatoka tena. Anamwomba amsaidie. Michaux! Aliyetoa cheti. Sijui kama kuna upweke unaozidi huo, kukosa wa kumwandikia mpaka unamwandikia aliyekufungia, na bado unamwandikia kwa heshima.

Na 1935 anamwandikia Eugène Blot, mfanyabiashara wa sanaa aliyewahi kuuza kazi zake na ambaye hakuacha kumkumbuka. Ana miaka 70. Anasema ameanguka shimoni, anaishi kwenye dunia ya ajabu, na kwamba maisha yake yalikuwa ndoto na hii ndo jinamizi lake. Haombi siagi tena hapo.

Wakati wa vita ya pili hali ikawa mbaya kupita maelezo. Chakula Ufaransa kikawa cha mgawo na hospitali za akili zikawa za mwisho kabisa kwenye foleni, wagonjwa wa kawaida wana ndugu wa kuwaletea kitu, hawa wengi hawana. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya 1940 na 1945 wagonjwa wa akili zaidi ya 40,000 walikufa kwenye hospitali za Ufaransa, kwa njaa, baridi na magonjwa yanayofuata njaa. Hawakupigwa risasi. Kila mmoja alipungua kidogokidogo kitandani. Hizo ndo kuta ambazo Camille alikuwa anaandika kuzihusu tangu 1913, na aliposema huku watu wanakufa kwa baridi mwaka 1927 hakuwa anaona maluweluwe, alikuwa anatoa taarifa. Angesikilizwa yeye na wenzake huenda angalau watu wangejua mapema ni mahali pa namna gani.

Alikufa tarehe 19 Oktoba 1943, miaka 78. Paul alikuwa amekwenda kumuaga mwezi mmoja kabla. Kwenye maziko hakuwepo mtu wa familia. Alizikwa sehemu ya makaburi ya hospitali pale Montfavet, na baadaye ndugu walipotaka kumpa kaburi la heshima wakakuta halipo tena, ile ardhi ilishahitajika kwa kazi nyingine, mifupa ilishakusanywa pamoja na ya wengine.

Faili lilibaki. Mwaka 1984 mjukuu wa Paul, Reine-Marie Paris, akachapisha yaliyokuwemo, na ndo dunia ikaanza kuzisoma, barua zilizoandikiwa watu ambao wote wameshakufa. Mwaka 2017 mji wa Nogent-sur-Seine ukafungua jumba la makumbusho lenye jina lake na watu wanakwenda kutoka kila nchi. Nafurahi kuwa lipo. Ila kila ninaposoma watu wakisema hatimaye Camille amepata haki yake nabaki nasema hapana, huyu hakuomba makumbusho. Maombi yake yameandikwa, tunayo, yana tarehe. Aliomba chumba chenye joto na kurudi Villeneuve.

Nilisema nitarudi kwa mama mdogo. Nilikuwa nasoma hizi barua za Camille usiku mmoja, nikachukua simu nikazitafuta zile voisi za nyuma nikaanza kuzisikiliza moja moja mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Dakika ya kwanza jirani na maji. Dakika ya pili jirani na maji. Halafu kuanzia ya tatu sauti inashuka, anaongea taratibu kabisa, anasema shuka lake limechanika katikati na godoro linamwasha, anasema hapo bafuni sakafu ni ya saruji na asubuhi ni ya baridi, ndala zake zilichukuliwa wiki ya pili, anavaa namba sita, kama kuna mtu anakuja amletee. Voisi ya mwezi mmoja kabla, hilohilo, ndala namba sita. Ya miezi miwili kabla pia.

Nilikwenda Jumamosi yake. Walimleta kwenye benchi la nje chini ya mwarobaini, miguu mitupu, visigino vimepasuka. Nikamwambia shikamoo mama mdogo. Akaniangalia kwa muda, akaangalia mfuko nilioshika.

"Marahaba mwanangu. Ni namba sita?"